Karani wa Makosa na Pompe ya Kabwenge

Siku nilipokabidhi ufunguo wa kabati, vijana wa biro, ofisi yetu, waliniletea Fanta na keki, wakasema, "Papa Kalenga, utuandikie kidogo mambo ya kazi ya zamani." Niliitika kwa sababu keki ilikuwa nzuri. Sasa wiki ya tatu inaisha na bado sijui kama mimi ndiye mtu wa kuandika. Nilisoma miaka sita kwa mapadri kule Pweto, ziwani, na mwaka mmoja wa kujifunza mashini ya kuandika. Kiswahili ninachoandika ni kile cha mapadri. Kile ninachosema ni cha hapa Lubumbashi, na watu wa habari hii nitawaacha waseme walivyosema. Nimefungua madaftari yangu ya wakati ule ili nisidanganye, lakini hayasaidii sana. Siku niliyoogopa kuliko zote, daftari linasema tu: "Mvua. Tumbo linauma."

Vyeo sitaviandika, viko katika dosie yangu, jalada la kazi. Nitaandika habari ya pompe moja, kwa sababu ndiyo inayonirudia ninapolala mchana.

Kazi yetu mnaijua. Serikali inakopesha kijiji pompe ya maji au mashini ya taa, kijiji kinarudisha polepole. Lakini kabla pompe haijatoka ghalani, karatasi hutangulia, na wakati ule zilikuwa nyingi. Nimeona visima vifupi kuliko dosie zao.

Niliingia kazini muda mfupi kabla ya uhuru, mji ukingali unaitwa Elisabethville. Nilivaa koti la shemeji yangu, mikono yake ikinifika kwenye kucha. Aliyenipokea ni Papa Ntumba, mkuu wa dosie, mtu wa Kasai, mrefu, Mkristo wa kusali kabla ya kufungua kidau cha wino. Aliliangalia lile koti, hakucheka.

"Weye njo Kalenga wa Pweto?"

"Ndiyo, Papa."

"Harufu ya samaki inakutangulia, mwana. Haiko mubaya. Unajua mashini?"

"Najua, Papa. Na bidole mbili."

"Mbili inatosha. Kumi inafanya makosa kumi."

Alinionyesha meza yangu: mashini ndogo ya kubebeka yenye herufi e iliyoruka juu ya wenzake, kashe ya mpira, yaani muhuri, na tampon yake ya wino, wembe, gundi, na karatasi za karboni. Kila dosie ilihitaji formulere kwa kopi tano. Juu yake orodha ya wakopaji wote wa kijiji, jina la mtu na la baba yake, na kidole gumba cha mkono wa kuume. Ushuhuda wa chifu. Ramani ya kisima. Halafu tembre ya serikali, ile stempu ya ushuru, ambayo kashe lazima iigonge nusu juu ya tembre na nusu juu ya karatasi.

Papa Ntumba alikuwa na desturi zake na hakuna aliyezibadilisha, hata bwana direktere, mzungu mzee aliyekohoa kila aliposaini. Karani asiandike jina la mtu ambaye hakuona uso wake. Kwa hiyo tulibeba mashini hadi kijijini, tukaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, na watu wakapita mmoja mmoja mbele yetu. Karboni nayo itumike mara kumi, si tisa. Kila mara alichora kistari kwa penseli pembeni, na ukitupa yenye vistari saba aliitoa kwenye takataka akakuwekea mezani bila kusema neno.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa makosa. Dosie yenye kosa hairekebishwi bironi. Inarudi kijijini, kopi zote tano zinachomwa mbele ya wale walioweka vidole, na kazi inaanza upya. Ilikuwa sheria, kwa sababu zamani mwizi mmoja aliokota karatasi zilizotupwa akakopa kwa vidole vya wenzake. Papa Ntumba alikuwa na kisanduku cha mbao cha makosa ya mfano, na wiki yangu ya kwanza nzima nilikisoma kama katekisimu. Jina lililokwanguliwa kwa wembe. Kashe iliyogonga tembre bila kugusa karatasi. Tarehe ya chifu iliyokuja baada ya tarehe ya karani. Kidole cha kushoto mahali pa cha kuume. Hicho cha kushoto hujulikana kwa namna mistari inavyozunguka.

"Ukiona kosa, dosie inarudi," aliniambia. "Hata iko ya nani. Dosie ya makosa haiendi ku biro ya muntu mwingine. Unasikia?"

Nilisikia. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kisha Katanga ikajitenga na Kongo, na sisi makarani tulijitenga nayo bila kuulizwa. Asubuhi moja tulikuta karatasi zenye kichwa kipya na kashe mpya iliyonuka mpira. Amri ikatoka: kila kijiji kilichokopa kijaze formulere mpya, la sivyo hakitapata vipuri wala mafuta. Nikaona karatasi ni ile ile ila mambo mawili. Kulikuwa na safu mpya, imeandikwa: asili ya baba. Na kopi ya nne, ambayo zamani ilikwenda kulala kwenye masijala ya wilaya, sasa ilitakiwa biro ya usalama.

Hakuna aliyetueleza kwa nini. Hakukuwa na haja. Mtaani kwetu familia za Kasai na Baluba wa kaskazini zilikuwa zinahama na milango yao mgongoni, zikienda kambini chini ya askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu. Niliona kijana akipigwa karibu na soko kwa sababu ya jina lake. Niwe wa haki: niliona pia mtu wa kusini akimficha mpangaji wake wa Kasai chini ya magunia ya makaa, na nilisikia kwamba upande wa kaskazini watu wa kusini nao walikuwa wanauawa barabarani. Ubaya haukuwa na kabila moja. Lakini hapa mjini safu ile ilikuwa na meno upande mmoja tu.

Mimi ni mtu wa Pweto, si wa Kasai wala Muluba. Safu ile hainiumi. Hata hivyo niliogopa. Niliogopa bariere za askari barabarani, niliogopa jipu, yale magari yao, niliogopa kuitwa jina langu kwa sauti. Papa Ntumba alianza kuja kazini kwa njia ya nyuma ya reli. Alichonga penseli zake tu, zote, kila asubuhi, mpaka zikawa fupi.

Nikatumwa kijiji cha Kabwenge, upande wa Kambove. Papa Ntumba hakuweza tena kupita bariere. Alinifungia karboni nne mpya kabisa: "Kule kijijini peleka mupya. Kopi ya tano isomeke muzuri."

Bariere zilikuwa tatu. Katika ya pili askari alifungua mashini yangu akauliza kama ni redio. Nilipiga herufi chache kumwonyesha. Vidole vilikosa herufi, nikaandika upuuzi. Alicheka, "Karani gani anaogopa mashini yake?" akaniachilia.

Kabwenge walikuwa na pompe ya mota, fahari yao. Mkuu wa kikundi cha wakopaji alikuwa Papa Kasongo, mchimbaji mstaafu wa mine ya shaba, mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto na mjukuu wa kike begani wakati wote. Mwenye ufunguo wa pompe alikuwa Mama Kapinga, mjane, muuza ndizi, mwanamke wa kusema mbele ya mtu yeyote. Nikaweka mashini juu ya kinu, watu wakapanga mstari, na kila mmoja alitoa buku lake la kitambulisho.

Mama Kapinga alipofika aliegemea kinu, akasoma safu mpya kwa kidole.

"Hapa niseme nini, Karani? Miye nilizaliwa hapa Kambove. Kasai sijaionaka hata na macho."

"Inauliza asili ya baba, Mama."

"Baba alikuya kutumika ku mine. Mbele ya ile alitoka Kasai."

Nilikaa vidole vikiwa juu ya mashini. Buku lake lilisema hivyo hivyo.

"Andika basi," akasema. "Iko kweli. Utafanya nini? Utamuzala baba yangu tena?"

Watu wakacheka, na mimi nikaandika. Nilimwandika yeye na familia nyingine kumi, Kasai au kaskazini, sawasawa kama buku zao zilivyosema, mistari imenyooka, e tu imeruka. Sikukwangua hata mara moja. Nakumbuka nilijivunia. Vijana, hilo ndilo kosa langu kubwa la kazi, na halikuwa kwenye kisanduku cha Papa Ntumba.

Niliporudi alisoma orodha nzima akiwa amesimama, kidole chake kikishuka kwenye ile safu. Kiliposimama mara ya kumi na moja, alikaa. Alitazama kashe, tembre, vidole, tarehe. Alitafuta muda mrefu, naye alikuwa mtu wa kumaliza dosie kwa dakika chache. Halafu akanirudishia.

"Nilitafuta kosa, sikupata," alisema polepole. "Tafuta weye."

"Haiko kosa, Papa. Niliangalia mara mbili."

"Tafuta weye, Kalenga."

Nilifikiri amechoka. Saa ya chakula nilimwacha peke yake akipiga mashini, haraka, kwa vidole vyote kumi. Sikujua kwamba anaweza. Nilisikia hadi barabarani. Jioni alinishika mkono kwaheri, jambo ambalo hakulifanya kila siku. Asubuhi kiti chake kilikuwa kitupu. Saa nne mlinzi akatuambia kwamba Papa Ntumba ameingia kambini na mke wake na watoto, na nyumba yake imeshavunjwa madirisha.

Nilikaa na dosie ya Kabwenge mbele yangu. Ijumaa mfuko wa barua ungeondoka, na kopi ya nne ndani yake: nyumba kumi na moja, na majina ya baba zao. Hapo tu ndipo nilipoelewa niliombwa kutafuta nini: kosa la kuizuia dosie isiende. Kichwa changu ni kizito, nakiri.

Mtaniuliza kwa nini sikuandika uongo, niseme wote ni wa Kambove. Nililifikiria. Lakini buku zao zilisema vingine, na uongo wa formulere ni wa yule aliyeweka kidole: yeye ndiye angefungwa. Kosa la karani ni la karani. Nilichukua wembe nikakwangua herufi mbili za jina la Papa Kasongo, taratibu, nikaziandika upya juu yake. Nikapeleka kwa direktere na karatasi ya kurudisha. Aliinua miwani. "Wewe?" akauliza. Akakohoa, akasaini. Sijui alijua nini. Sikumuuliza kamwe, naye alikwisha kufa kwao.

Petroli ilikuwa ya taabu, kwa hiyo kila kurudi kulichukua majuma mengi. Nilikwenda Kabwenge, tukachoma kopi tano mbele ya watu, tukaandika upya, yote, kweli yote. Niliporudi mjini, kashe iliangukia tembre peke yake. Mara ya tatu tarehe ya chifu ilikuja baada ya yangu. Kila mara nilisubiri mtu aingie kwa mlango anishike. Usiku mke wangu aliniuliza kwa nini nasaga meno.

Na kila mara Kabwenge walikasirika zaidi, nao walikuwa na haki. Baada ya safari ya pili mkanda wa pompe ulikatika. Ghalani mikanda ilikuwepo, niliiona kwa macho, imetundikwa kama nyoka. Lakini dosie isiyokamilika haipewi kitu. Wanawake wakarudi kuchota mtoni.

"Kijiji zote zilimaliza," Papa Kasongo aliniambia mbele ya watu, mjukuu wake begani. "Siye tu. Unajua banakuita nani hapa? Karani wa makosa. Serikali ilitafuta mujinga ya mwisho, ikatutumia."

"Munisamehe, Papa."

"Siombi musamaha. Naomba mukanda."

Mama Kapinga hakusema kitu siku hiyo. Alinitazama nikigonga mashini, akatazama mistari yangu iliyonyooka, akaweka kidole chake kwenye wino.

Nilipofika mara ya nne Papa Kasongo hakuwa na mtoto begani. Sikuuliza, mtu aliniambia pembeni: kuhara, siku tatu. Sijui kama ni maji ya mto. Watoto walikufa kwa kuhara hata vijijini penye pompe. Muuguzi wa mission alinihakikishia hivyo, na nimeshika neno lake miaka yote kama mtu ashikavyo ukingo wa mtumbwi. Lakini sijui. Niliandika orodha. Papa Kasongo alikuja kuweka kidole, akanyoosha mkono bila kunitazama, na mimi, vijana, nilichukua mkono wake wa kushoto. Nilichukua ule wenye vidole vitatu, nikabonyeza gumba lake la kushoto mahali pa la kuume, nikijua kwamba mkanda hautakuja. Alikuwa na huzuni hata hakuona. Hilo ni kosa la nne. Ndilo ninaloona ninapolala mchana.

Baada ya hapo mtu wa usalama akaja mwenyewe. Alikuwa afisa kijana, koti la kijivu, sauti ya chini. Niwe wa haki kwake pia: siku moja risasi zilipolia mjini alikuwa amenichukua katika jipu lake hadi mlangoni kwangu, na njiani akanihadithia habari za mama yake mgonjwa. Sasa alivuta kiti cha Papa Ntumba akaketi. Nje mvua ilikuwa inapiga bati.

"Karani, dosie ya Kabwenge iko wapi?"

"Ilirudi kijijini, Shefu. Iko na kosa."

"Mara ngapi?"

"Mara ine, Shefu."

"Mara ine." Alichukua barua mezani kwangu, akaiangalia kwenye mwanga. "Hii weye njo uliandika? Haiko hata doa. Muntu wa mukono kama hii anakosa mara ine ku kijiji kimoya?"

Nikavuta kopo la gundi karibu, nikakaza kifuniko chake.

"Kopi za kwanza biko wapi?"

"Tulizichoma, Shefu. Mbele ya bantu. Iko sheria."

"Najua sheria." Alitabasamu. "Nilitumikaka karani, mbele ya hii. Kopi inaungua. Karboni haiunguake. Leta karboni."

Sikuwa nimefikiria karboni. Safari tatu zilizofuata nilikwenda na kuukuu, zilizojaa vistari tayari. Lakini zile za kwanza zilikuwa mpya, nne, mpya kabisa, na kwenye karboni iliyotumika mara moja mtu husoma kila neno ukiiweka dirishani. Nilipozirudisha bironi, Papa Ntumba alizitia kwenye kasha lake, nami sikukumbuka kuzigusa tena. Nikafungua kasha. Zile nne zilikuwa peke yazo chini, zimefungwa kwa uzi. Nilimpa.

Alikwenda dirishani, akainua ya kwanza kwenye mwanga wa mvua. Nilisali, sikumaliza sala. Alikunja uso. Akainua ya pili, ya tatu. Akaleta uso karibu.

"Bwana Direktere," akasoma, "nina heshima ya kulomba..." Akageuza. "Bwana Direktere, nina heshima... Bwana Direktere... Hii ni nini? Barua moya, juu ya barua, juu ya barua. Yote iko meusi."

Nilitazama pembeni ya karboni. Vistari kumi, vya penseli fupi. Ndipo nikasikia tena ile mashini ya saa ya chakula, vidole vyote kumi, haraka.

"Ni ya Papa Ntumba, Shefu. Alilomba ruhusa ya kwenda."

"Mara kumi?"

"Karboni tunatumika nayo mara kumi, Shefu. Alitufundisha vile."

"Na ruhusa, bwana alimupa?"

"Hapana. Alienda tu."

Aliinua ya nne pia. Chini ya ule weusi, ninaamini, jina moja au mawili ya Kabwenge bado yalionekana kwa mwenye kutaka kabisa kuyaona. Alizikusanya zote nne, akazifunga tena kwa uzi ule ule, akaziweka mezani kwangu.

"Bakasai na roho yabo ya kuchunga bintu," alisema. Kisha, akiwa mlangoni: "Safari yako ya tano, Karani, usikose. Ukikosa, nitakuya na jipu, na haitakuwa ya kukufikisha ku nyumba." Kama alijua, hakusema. Siku hiyo ndiyo daftari liliandika mvua na tumbo.

Niliahirisha safari ya tano kwa petroli, kwa homa, kwa tairi. Homa ilikuwa ya kweli. Nilingoja jipu kila asubuhi. Kabla halijaja, vita vilifika mjini, kisha sesesyo, kule kujitenga kwa Katanga, ikaisha, na yule afisa sikumwona tena. Wengine walisema alivuka mpaka. Tukapata karatasi zenye kichwa kingine na kashe nyingine yenye harufu ile ile ya mpira. Safu ya asili ya baba haikuwepo.

Nilikwenda Kabwenge mara ya tano. Wengi wa wale kumi na mmoja walikuwepo, wawili walikuwa wamehama wenyewe. Mama Kapinga alikaa mbele ya kinu, akatazama formulere, akaona ile safu haipo. Alinitazama mimi.

"Muntu wenye kuandika kama weye hakosake mara ine," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua toka mara ya pili. Nilinyamaza juu kinywa yangu inajulikana." Akaweka kidole chake cha kuume. "Asante, Papa Kalenga. Lakini pompe, Papa. Pompe."

"Najua, Mama."

"Kasongo hajui. Nitamwambia miye. Usimwambie weye."

Bironi niliitafuta dosie ile mchana kutwa. Nilitazama vidole, kashe, tembre, tarehe ya chifu, nikarudia. Mkono ulikuwa umezoea. Karibu uchukue wembe wenyewe. Sikupata kosa. Nikaipeleka kwa kusainiwa.

Mkanda ulipatikana. Sheria yetu, ambayo ninyi bado mnaifuata, inasema karani lazima aone maji ya kwanza kwa macho yake kabla ya kufunga dosie. Basi nilikwenda tena. Fundi alivuta kamba, mota ikakohoa kama direktere wetu, ikanyamaza, ikashika. Maji yalitoka mekundu, kisha ya kahawia, kisha safi. Wanawake walipiga vigelegele. Watoto waliingia chini ya bomba na nguo zao.

Papa Kasongo alipita katikati yao na kikombe cha bati. Alikinga, akamwaga, akakinga tena. Akaja nilipokuwa nimesimama na dosie kwapani.

"Kapinga alinielezea jana," alisema.

Nilihamisha dosie kwapa la pili.

Alinipa kikombe kwa mkono wa kuume. Kilijaa hadi ukingoni, maji yakamwagikia kidole chake. Hakuondoka, hakukaa. Alisimama mbele yangu akinitazama usoni, mpaka nilipokunywa yote.